Orodha Iliyokaa Ukutani

Kila mwezi wa Januari watu wengi hushika kalamu na kuandika mambo wanayokusudia kuyatimiza kabla mwaka haujaisha. Sisi nasi tulifanya hivyo miaka mingi hapa Kisangani. Karatasi yetu ilibandikwa ukutani, juu ya meza ya kulia, nayo ilikuwa na makusudi matano: kumaliza kuandika kazi ya kupatia shahada ya chuo kikuu, kujifunza Kiingereza, kufuga kuku hamsini, kujenga nyumba ya matofali, na kusoma kitabu kimoja kila mwezi. Desemba ikifika tuliibandua na kuandika nyingine, na mambo yalikuwa yale yale. Ukungu tu ndio uliobadilika.

Lile kusudi la kwanza lina habari yake. Mwezi wa Juni mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji wetu, sisi tulikuwa wanafunzi, tukikaa upande wa Tshopo. Nyumba iliungua, na madaftari yetu yote humo ndani. Watu wengi walikufa siku zile, hata tukaona haya kulilia daftari. Lakini twakiri kwamba tuliyalilia kwa siri. Baadaye tukashika ualimu wa shule ya msingi, watoto wakazaliwa, na miaka ikapita.

Kazi yenyewe yahusu reli ya kwenda Ubundu. Maporomoko saba ya Boyoma huzuia vyombo kupita mtoni kati ya Ubundu na mji wetu, na kwa sababu hiyo ilijengwa reli ya kilometa zipatazo 125, ikafunguliwa mwaka 1906. Tulitamani kuandika habari za watu walioijenga na walioishi kandokando yake. Kila tulipoketi kuanza, tuliiona kazi yote kwa mara moja, nasi tukainuka kutafuta chai.

Jirani yetu ni mzee wa Kigenya, mvuvi wa maporomoko. Wasomaji wa mbali huenda hawajaona uvuvi huo. Wagenya husimamisha magogo makubwa katika matundu ya miamba, katikati ya maji yaendayo kwa nguvu, wakayafunga kwa kamba za mwituni. Kisha hutundika migono, yaani vikapu virefu vya miti vyenye mdomo mpana. Samaki akisukumwa na maji huingia, asiweze kurudi. Kazi nzito ya kusimamisha magogo hufanywa maji yakiwa machache. Siku nyingine ni kwenda kuinua migono, asubuhi na jioni.

Jioni moja mzee alirudi na samaki wawili wadogo. Tukamwambia, “Pole, mzee, leo mto umekunyima.”

Akacheka. “Mwalimu, mto si kazi yangu. Kazi yangu ni kwenda kuinua mgono. Huo nimeuinua.”

Tuliingia ndani tukaitazama karatasi ile. Yote yaliyoandikwa pale yalikuwa samaki. Hakuna mahali palipoandikwa saa ya kwenda mtoni. Basi tuliandika upya: ukurasa mmoja kila siku ya shule, kabla jua halijatoka. Safari za kwenda kuwauliza wazee wa njia ya reli tukaziweka katika likizo kubwa, kama vile Wagenya wangojavyo maji kupungua. Juma la kwanza, kwa kiburi, tulijilazimisha kurasa tatu kwa siku. Siku ya nne tulisinzia mbele ya wanafunzi, nao walifurahi sana. Tukarudi kwenye ukurasa mmoja. Umeme ukikatika, na hukatika, twawasha taa ya mafuta. Ukurasa mbaya twauhesabu pia, kwa maana mbaya yaweza kusahihishwa, lakini karatasi tupu haina la kusahihisha.

Lililokuwa gumu zaidi ni kufuta. Mtu hawezi kuinua migono mitano kwa mkono mmoja. Kiingereza tulikifuta bila uchungu. Tulipofuta kuku, mama watoto aliweka chini mwiko wake.

“Baba watoto, hao kuku walikuwa wa nani?”

Hapo tukatambua kwamba miaka yote ile lile lilikuwa tumaini lake, nasi tulikuwa tumeliandika kama letu bila kumwuliza wala kumsaidia. Yeye ndiye auzaye sombe sokoni na kununua karatasi tunazoziandikia. Hatukuwa na jibu. Siku mbili tulikula kimya.

Siku ya tatu alitununulia karatasi kama kawaida, akasema atawaanza kuku mwenyewe, wawili kwanza. Sisi tukatengeneza kibanda Jumamosi mbili mfululizo, na kwa Jumamosi hizo hatukugusa kalamu.

Sasa tumefika ukurasa wa 61, na safari ya kwenda kwa wazee wa upande wa Ubundu ingali mbele yetu. Matofali bado. Kuku wake ni kumi na mmoja, ingawa hakuwaandika popote, na jogoo wao ndiye atuamshaye saa kumi na moja alfajiri.