Bashi Iliyokaa

Wenzetu wa Kiswahili sanifu huiita turubai. Kwetu Kibumba, kwenye barabara ya Goma hadi Rutshuru, tunasema bashi, neno tulilolitoa kwenye Kifaransa. Nalitumia hapa kwa kuwa ndilo linalotumiwa na watu ninaowaandika.

Mama yangu hununua kabichi na viazi mashambani, akavipeleka Goma kwa lori analochangia na akina mama wengine. Karo yangu ya chuo hutoka humo. Safari haifiki kilomita 40, lakini Kibumba iko juu, chini ya milima ya volkeno, na mvua yake haibishi hodi. Ndiyo maana najua habari za bashi.

Bashi haipimwi kwa gari, hupimwa kwa mzigo. Gari ni lile lile kila siku, mzigo haufanani. Rundo likiwa na shimo katikati, maji hutuama juu ya bashi, na kila lita ni kilo moja inayosukuma chini mpaka ipate tundu. Kwa hiyo konvwayeri anayejua kazi hurekebisha rundo kwanza: huinua mgongo katikati kwa magunia, maji yateremke pande zote mbili. Ncha za bashi hushuka nje ya mbao za pembeni. Zikiingia ndani, maji yote huishia kwenye mzigo. Bashi zikiwa mbili, ya nyuma hutandikwa kwanza na ya mbele huilalia, upepo usipate pa kuingilia. Baada ya mashimo ya kwanza ya barabara mzigo hushuka na kamba hulegea, hivyo ni lazima kusimama na kukaza tena.

Hata hivyo, kukaza sana nako ni hasara. Kabichi iliyokatwa bado inapumua, hutoa joto na mvuke. Lori likilala njiani limefungwa kabisa, asubuhi utakuta majani yameanza kuoza. Huachwa nafasi ndogo nyuma. Viazi navyo havitaki mwanga: huwa kijani na vichungu.

Siku moja dereva alikuwa na haraka. Mama alipoomba bashi itandikwe upya, alijibiwa, "Mama, si unaona imefika mpaka mwisho?" Akasema, "Papa, kufika si kukaa." Sisi wanafunzi wa lugha tunakijua kitenzi hicho: mtu hukaa kitini, hukaa mjini, na nguo nzuri humkaa mwenyewe. Dereva alikielewa pia, ila hakushuka. Kabichi za juu zilifika zimelowa na kupondeka, naye alilipwa nauli yote, kwa sababu nauli ilikuwa imelipwa kabla ya safari. Hasara ilibaki kwa akina mama.

Mwishoni mwa 2022, vita vya M23 vilipofika kwetu, tulikimbilia Kanyaruchinya. Pale watu walijengea shitingi, plastiki kama zile ambazo wakimbizi kutoka Rwanda walijisitiri nazo hapa Kibumba mwaka 1994. Ardhi ni mawe ya volkeno, mambo hazishiki. Kamba zilifungwa kwenye mawe makubwa. Mama aliinua mgongo katikati, akashusha ncha nje ya ukuta wa miti, akaacha nafasi ya hewa upande usiopigwa na upepo. Mvua ya usiku ilipita, tukaamka wakavu. Majirani walikuja kuangalia, naye akawafungia zao.

Aliporudi kwenye biashara, yeye na wenzake walikubaliana jambo moja: nusu ya nauli hulipwa wakati wa kupakia, nusu hulipwa Goma, bashi ikishafunuliwa na mzigo kuonekana. Baadhi ya madereva walikataa, wakaachwa. Waliokubali siku hizi husimama wenyewe kukaza kamba, bila kuombwa.