Mbuzi wa Mjomba na Kuta za Makunduchi

Msafiri atokaye Mjini Unguja kwenda kusini, akishaupita msitu wa Jozani, huiona ardhi ikibadilika. Minazi hupungua, na mahali pake hutokeza vichaka na mawe ya matumbawe yenye ncha kali. Udongo umejificha katika vishimo baina ya mawe hayo, na ndimo mkulima wa Makunduchi apandamo muhogo, kunde na pilipili. Mawe ayaondoayo huyapanga yakawa ukuta, pasi na saruji. Nilidhani kuta hizo ni mipaka tu ya mashamba. Nilikuwa sijapata kulala huko.

Mjomba wangu ana mbuzi saba, na kila mmoja ana hila yake. Beberu huegemeza miguu ya mbele ukutani, akalijaribu jiwe moja baada ya jingine, hata apate lililolegea. Likiporomoka, njia imepatikana. Jike mmoja, mtoro mzoefu, amevishwa shingoni vijiti vitatu vilivyofungwa pembe tatu ili asipenye. Juu ya ukuta mjomba huweka matawi ya miba, na chini yake amechomeka mbono, mti ambao mbuzi hawaugusi kwa uchungu wake. Kwa maoni yake mbuzi hatoroki kwa ukorofi: akitoka, utazame kwanza alichokosa, majani, maji, au wenziwe.

Jioni ya pili nilitumwa kufunga banda. Nilipiga fundo la mtu wa mjini, nikaenda zangu kuwahi sala ya Isha.

Tulipotoka msikitini alfajiri, banda lilikuwa wazi. Tuliwakuta shambani kwa jirani, bibi mjane anayeishi na wajukuu wawili. Muhogo wake wa miezi minne ulikuwa umebaki vijiti, na vingine vimebambuliwa magome. Kando ya ukuta alilala mwana-mbuzi mmoja, amekwisha kufa; majani mabichi ya muhogo yana sumu, na akila mengi tumbo tupu hayamwachi.

Nilimwamkia bibi shikamoo. Aliitika marahaba, kisha akamgeukia mjomba. "Mwanangu, mimi siwalalamikii mbuzi. Nailalamikia miezi minne."

Baada ya adhuhuri wazee walikaa barazani. Mmoja wao aliuliza jambo moja tu: mbuzi walitoka usiku au mchana? Ndugu msomaji, swali hilo lina asili yake. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik na Sunan ya Abu Daud kwamba ngamia wa al-Baraa bin Aazib aliingia katika bustani ya watu akaiharibu, na Mtume (S.A.W.) akahukumu kuwa mchana ni juu ya wenye mashamba kuyalinda, na kinachoharibiwa na mifugo usiku ni dhamana ya wenye mifugo. Mzee alikumbusha pia kisa cha Nabii Daud na Nabii Suleiman (A.S.) kilichotajwa katika Suratul Anbiyaa, juu ya kondoo walioingia shambani usiku. Wafasiri wameeleza kuwa Suleiman aliona mwenye shamba anufaike na kondoo, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirejee kama lilivyokuwa, ndipo kila mtu arudishiwe chake.

"Ni wangu, nitalipa," alisema mjomba. Hakunitaja. Alikuwa ameliona fundo, nami nilijua kuwa ameliona. Ikanibidi niseme mwenyewe mbele ya baraza zima, na sikumbuki kama sauti yangu ilisikika vizuri.

Bibi hakutaka fedha wala mbuzi. Alitaka vipando vipya vya muhogo, unga wa kuwatosha wajukuu mpaka mavuno, na ukuta uongezwe kimo. Mjomba alikubali viwili vya mwanzo. Cha tatu nilikichukua mimi.

Nilibaki siku tatu zaidi nikibeba mawe, viganja vikichubuka. Bibi aliketi chini ya mwembe na kunionyesha kwa fimbo jiwe lisilokaa sawa. Mara nne alinivunjisha sehemu niliyodhani imekamilika. Siku ya mwisho beberu alikuja, akaegemeza miguu, akalisukuma jiwe la juu. Halikutikisika. Alilitazama kidogo, kisha akaanza kuufuata ukuta taratibu, akijaribu moja baada ya jingine.