Miji Iliyofanana na ya Marekani

Aghalabu kijana arudiye kutoka safarini huulizwa habari za mji aliokuwamo, naye hujibu kwa maneno machache: "Kule ni Marekani tupu." Mmoja husema hivyo juu ya Dubai, wa pili juu ya Toronto, wa tatu juu ya Johannesburg. Wazee ambao watoto wao wataka kwenda ng'ambo kutafuta riziki hubaki na picha ya maghorofa yagusayo mawingu. Sisi twaona kwamba neno hili lafaa kupimwa, kwani mji si majengo tu. Mji ni namna watu wake wanavyoishi, na mtu akihamia mahali huingia katika namna hiyo, apende asipende.

Basi natuulize kwanza: mji wa Kimarekani ni upi? Alama zake ni tatu. Ya kwanza ni njia zilizonyoka na kukatana kama mistari ya ubao wa dama. New York ilipangwa hivyo kwa ramani ya mwaka 1811, na njia zake nyingi zikapewa nambari badala ya majina. Ya pili ni majumba marefu katikati ya mji, ambayo mwanzo wake husemwa kuwa ni Chicago, mwaka 1885, lilipokamilika jumba la orofa kumi lililobebwa na kiunzi cha chuma. Ya tatu, nayo ndiyo yenye nguvu kupita zote, ni motokaa. Baada ya Vita Kuu vya Pili, Wamarekani wengi walihama katikati ya miji wakajenga mbali, kila nyumba na bustani yake. Mwaka 1956 serikali yao ilipitisha sheria ya kujenga barabara kuu nchi nzima, na mwaka huo huo, karibu na Minneapolis, likafunguliwa soko la Southdale, ambalo maduka yake yote yalikuwa ndani ya jumba moja lililofunikwa, na nje uwanja mkubwa wa kuwekea motokaa. Tangu hapo, kununua mkate, kwenda kazini na kumzuru ndugu, yote yakawa ni safari ya motokaa.

Tukihukumu kwa macho, Toronto ya Kanada ndiyo itakayoshinda. Iko kando ya ziwa la Ontario kama Chicago ilivyo kando ya ziwa la Michigan, njia zake zimenyoka, na maghorofa ya mabenki yake yamesimama pamoja karibu na maji. Mfanano huo ni mkubwa hata watengenezaji wa sinema huutumia mji huo badala ya miji ya Marekani. Sinema iitwayo Chicago, ya mwaka 2002, ilipigwa Toronto.

Walakini mwenye kukaa huko ataona tofauti. Miji mingi ya Marekani iling'oa reli za tramu ili kuipisha motokaa, lakini Toronto mwaka 1972 iliamua kuzibakisha zake, na hadi leo tramu hupita mjini. Mwaka uliotangulia, serikali ya jimbo iliisimamisha barabara kuu ya Spadina, iliyokusudiwa kupasua mitaa ya watu hadi katikati ya mji. Wakazi walikuwa wameipinga, na miongoni mwao alikuwamo mwandishi Jane Jacobs, aliyehamia huko mwaka 1968 kutoka New York, ambako alikwisha kupambana na barabara kama hiyo. Ni kweli kwamba vitongoji vya mbali vya Toronto ni vya motokaa kama vya jirani zake. Ila katika mitaa ya kale mtu hutoka kwake kwa miguu akafika dukani na skuli, na njiani akasalimiana na watu.

Ama maghorofa, hayo yasimdanganye mtu. Carlton Centre ya Johannesburg, iliyokamilika mwaka 1973 na yenye urefu wa mita 223, na Burj Khalifa ya Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2010 na yenye mita 828, zote mbili zilichorwa na kampuni moja ya Kimarekani, Skidmore, Owings & Merrill. Na katika kampuni hiyo hiyo, mjini Chicago, alifanya kazi mhandisi Mwislamu, Fazlur Rahman Khan, aliyezaliwa Dhaka mwaka 1929. Yeye alibuni njia ya kulifanya jumba refu lisimame kwa nguvu za kuta zake za nje, mfano wa mwanzi. Kwa fikra hiyo likajengwa Sears Tower la Chicago, lenye mita 442, ambalo kwa zaidi ya miaka ishirini halikuwa na mshindani duniani. Alishiriki pia katika kazi ya mahema makubwa ya mahujaji kwenye uwanja wa ndege wa Jeddah, na katika mji huo huo akafariki mwaka 1982. Vijana wetu na walijue hili: elimu ya ujenzi haina taifa, na jumba refu peke yake haliufanyi mji kuwa wa Kimarekani.

Mfanano ulio mzito zaidi uko katika nchi za Kiarabu. Mafuta yalipopatikana Dhahran, Saudia, mwaka 1938, kampuni ya Kimarekani iliwajengea watu wake mtaa kama wa California, wenye nyumba za bustani katikati ya jangwa. Lakini haikuleta bustani tu. Ilileta pia desturi ya kuwatenga watu, maana wafanyakazi wa Kisaudia walikaa mbali na mtaa huo, wengi wao katika vibanda vya makuti ya mitende, na manung'uniko yao yakazaa migomo mwaka 1953 na 1956.

Riyadh nayo ilipangwa na Mgiriki aitwaye Doxiadis, aliyepewa kazi hiyo mwaka 1968. Ramani yake iliukata mji kwa miraba ya kilomita mbili kila upande, iliyozungukwa na barabara pana. Mji ukaenea kwa motokaa kama Los Angeles. Na tufikiri hali ya mama wa nyumbani katika mji wa namna hiyo, ambao wanawake wake hawakuruhusiwa kuendesha motokaa mpaka mwaka 2018. Kwenda kumwona dada yake kulimtaka angoje mume, mtoto wa kiume au dereva.

Dubai ina nyuso mbili. Kando ya Khor, huko Deira, watu huvuka maji kwa abra kwa dirhamu moja, na majahazi hufunga gati, ndugu wa yale yaliyokuwa yakija pwani yetu na kaskazi. Lakini kwenye barabara ya Sheikh Zayed majumba mawili yatazamana, na aliye katika moja hawezi kuvuka kwa miguu kwenda la pili mpaka atafute daraja lilipo.

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Dini yetu imempa jirani haki nzito, na imeufanya mwendo wa kwenda msikitini kuwa na thawabu zake. Mji wa motokaa hauzikatazi haki hizo, ila huzifanya ziwe ngumu. Utamjuaje jirani ambaye wamwona nyuma ya kioo tu? Na mzee asiyeweza tena kuendesha atafikaje kwenye jamaa?

Twashukuru kuona kwamba baadhi ya miji imeanza kujirekebisha. Dubai ilifungua treni zake za umeme mwaka 2009, na Riyadh ikafungua zake mwishoni mwa mwaka 2024, njia sita zenye jumla ya kilomita 176. Nasi twawausia wazazi na vijana wanaokusudia kuhamia miji hiyo: kabla ya kupanga nyumba, iwe Dubai, Toronto au Marekani kwenyewe, ulizeni msikiti na skuli viko umbali gani kwa miguu, na gharama ya motokaa ihesabiwe pamoja na kodi. Nyumba ndogo iliyo karibu na watu ni bora kuliko kubwa iliyo peke yake.