Siku tuliyogeuka katikati ya korongo

Mwanangu wa miaka 11 alininunia kutoka Hell's Gate hadi nyumbani. Tulikuwa tumeshuka korongoni, huko Naivasha, tukishikana mikono juu ya mawe yenye utelezi, mwongoza watalii alipotazama wingu jeusi kwa mbali akasema, "Mama, turudi." Kwetu jua lilikuwa linawaka! Lakini mvua ikinyesha huko juu, maji hushuka ghafla. Septemba 2019 yaliua watu 7 humu humu. Tukageuka.

Mzazi, ukiwapeleka watoto, wavalishe viatu visivyoteleza, beba nguo za kubadilisha, na uulize njia za kutokea kabla hamjashuka. Mkiambiwa rudini, rudini. Mtoto akinuna, mwache anune. Wangu kesho yake alikuwa anacheka.