Wageni wa harusi wakifika Kisangani, tuwatembeze

Harusi ya kwetu haimaliziki siku moja. Siku ya kwanza familia mbili zinaketi kwa ajili ya mahari. Siku ya pili ni komini, mbele ya afisa wa serikali. Siku ya tatu ni kanisa, na usiku karamu. Mgeni aliyetoka Opala kwa pikipiki, akapita msituni hadi Lubunga, kisha akavuka mto kwa mtumbwi, hawezi kula wali na kurudi. Anakaa siku nne, pengine juma zima. Na siku hizo nyingi anazimaliza uani kwenye kiti cha plastiki, akiangalia wanawake wakitwanga sombe.

Tulipomwoza binti wa dada yangu, tulikuwa na wageni wa aina mbili. Wa kwanza walitoka Opala siku zile. Wa pili walikuwa wamekwisha fika mjini kabla, kwa sababu ya ule mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliolipuka mwaka 2023. Hawa walilala kambini au kwa jamaa. Nilishangaa kuona kwamba waliokaa hapa muda mrefu ndio walioujua mji kidogo zaidi. Walijua njia ya maji, njia ya soko, na foleni ya kuandikisha majina. Basi.

Nikapendekeza asubuhi zisizo na sherehe tutoke nao. Shemeji mmoja alikataa: pesa ya matembezi inunue mchele. Tulikubaliana kwenda mahali pa gharama ndogo tu.

Tulianza kwa Wagenia, mapema kabla ya jua kuwa kali. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yanafuatana kwa karibu kilomita 100 kuanzia upande wa Ubundu, na la mwisho ndilo hili la mjini. Wavuvi wamesimika miti mikubwa kati ya mawe, wakaifunga kwa kamba za msituni, na kutoka hapo wananing'iniza vikapu vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Maji yenyewe ndiyo yanayomsukuma samaki ndani. Kabla ya kupiga picha, salimieni wenye mahali na mpatane bei. Hiyo inazuia maneno.

Baba mkubwa wangu alikuwa mvuvi wa mto Lomami. Tangu akimbie hakuwa amegusa kikapu. Alisimama kimya kitambo, kisha akaanza kuuliza: kamba hii mnaibadilisha baada ya muda gani? Maji yakijaa mnafanyaje? Mvuvi mmoja akamjibu kwa heshima, akimwita mzee. Mama mdogo naye akaeleza jinsi wanawake wa kwao wanavyoziba kijito wakati wa kiangazi, wakayatoa maji kwa mabeseni na kuokota samaki matopeni. Wavuvi wakacheka, wakataka asimulie tena. Nusu saa ile hakuna aliyemwuliza baba mkubwa kama ana kadi ya msaada. Aliulizwa juu ya kazi yake.

Siku iliyofuata, vijana wakapanda toleka, tukaenda katikati ya mji, komini ya Makiso. Tulisimama kwenye kanisa kuu la Mama wa Rozari, ukingoni mwa mto, kisha tukaelekea chuo kikuu. Wengi wanaijua Kisangani kama mji wa bandari na biashara, lakini ni mji wa chuo pia. Mwaka 1963, ungali ukiitwa Stanleyville, makanisa ya Kiprotestanti yalianzisha hapa Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Mwaka 1964 Wasimba waliuteka mji, na masomo yakahamishiwa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kisha baadaye yakarudi. Mwaka 1971 serikali ilikiunganisha na vyuo vya Kinshasa na Lubumbashi. Mwaka 1981 kikasimama peke yake, Chuo Kikuu cha Kisangani, tunachokiita UNIKIS.

Mpwa wangu mmoja, msichana aliyekatiza sekondari kwa sababu ya kukimbia, akauliza: "Kumbe hata chuo kilikimbia?" Nikamwambia ndiyo, kilikimbia, kikarudi, na leo kinafundisha. Hakusema kitu tena, ila njiani alitaka kujua karo ni kiasi gani na diploma ya serikali inaombwa namna gani. Wenye watoto wa umri huo, msiwanyime safari hiyo.

Wazee wana maswali yao. Watawakumbusha kwamba Lumumba alifanya kazi ya posta katika mji huu, na kwamba chama chake cha MNC kilifanya mkutano hapa mnamo Oktoba 1959, kabla hajakamatwa. Wengine wataomba kupita kwenye makaburi ya wahanga wa vita vya siku sita, vya tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katika mitaa yetu. Wapelekeni. Furaha ya harusi haiharibiki kwa kuwakumbuka wafu.

Jambo moja la kuangalia. Ng'ambo, Lubunga, kuna stesheni ya reli ya kwenda Ubundu, na ni mahali pa historia. Lakini kati ya wageni wenu wapo walioacha nyumba huko, na wapo wasiotaka kuvuka. Waulizeni kwanza, pembeni, si mbele ya watu. Akikataa, jioni ya ukingo wa Makiso inatosha: samaki wa liboke, lituma, upepo wa mto, na mitumbwi ikirudi.

Familia zinazoandaa harusi msimu huu, katika bajeti ya vitenge, ngoma na vinywaji, tengeni asubuhi moja na nauli ya toleka chache. Mchagueni kijana mmoja anayeujua mji, awe na kazi hiyo tu. Mtu wa kambini amezoea kuhesabiwa; siku ya harusi yuko kwenu kama mgeni, na mgeni huonyeshwa mji.