Mkono wa Mtunzi: Kuhusu Watazamaji Wanaomfuata Mwandishi wa Tamthilia ya Televisheni

Tangu Roland Barthes alipotangaza kifo cha mwandishi katika insha yake ya mwaka 1967, wahakiki wamezoea kusema kwamba matini hujitosheleza, na kwamba anayemtafuta mtunzi nyuma ya maneno anatafuta kivuli. Wanafunzi wetu wa uzamili huirudia kauli hiyo kwa wepesi unaotia shaka. Katika makala haya nataka kuwaita mashahidi ambao hawakuhudhuria matanga hayo: watazamaji wa tamthilia za televisheni, wanaomfuata mtunzi kutoka tamthilia moja hadi nyingine na kumdai sawasawa na mtu aliye hai.

Kufuata si jambo jipya katika fasihi ya Kiswahili, ila hapana budi tutofautishe aina zake. Kuna anayemfuata mhusika. Wasomaji waliompenda Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) walikutana naye tena katika Kisima cha Giningi (1968), na yamkini wengi walilikumbuka jina la mpelelezi huyo kuliko la Muhammed Said Abdulla aliyemuumba. Kuna anayeifuata sura. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alipendwa nchini Kenya kwa jina la Mzee Ojwang. Lakini ni wangapi kati yetu tuliopata kuuliza ni nani aliyeandika tuliyoyacheka katika Vitimbi? Hatimaye kuna anayeufuata mkono: mtu asiyejali kwamba wahusika ni wapya na waigizaji ni wageni, mradi ameitambua namna ya kusuka. Huyu wa tatu ndiye anayenishughulisha.

Nilikutana naye nyumbani Gesima, katika eneo la Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira, ambako jamaa zangu wangali wanachuma majani chai. Lugha ya nyumbani kwetu ni Ekegusii. Kiswahili ni cha shule, cha soko la Keroka na cha televisheni. Shangazi yangu hajapata kusoma riwaya ya Kiswahili hata moja. Hata hivyo, aliitazama Maria katika runinga ya Citizen tangu ilipoanza mwaka 2019, na ilipoisha mwaka 2021 na nafasi yake kuchukuliwa na Zora, hakuhitaji zaidi ya siku tatu kutoa hukumu yake, kwa Ekegusii, kwamba hawa ni walewale. Mwaka uliofuata ilikuja Sultana, yenye msichana asiyeona, na hukumu ikawa ile ile. Hakukosea. Zote tatu ni kazi za Jiffy Pictures, kampuni ya Rashid Abdalla na mkewe Lulu Hassan, ambao watazamaji waliwafahamu kwanza kama watangazaji wa habari.

Mhakiki makini atapinga hapa. Atasema kwamba shangazi hakuutambua mkono, bali utanzu: msichana maskini, nyumba kubwa, siri ya uzazi na wivu ni mali ya kila tamthilia ya aina hii, zikiwemo za Mexico tulizozitazama miaka ya tisini. Pingamizi hili ni la haki, nami nilimwekea shangazi mbele yake. Alinijibu kwamba za Mexico anazijua, na hajawahi kuzidhania kuwa za hawa. Kwa maoni yake tofauti imo katika ugomvi: watu wa tamthilia hizi huweza kuamkiana na kutukanana katika sentensi moja, na mtazamaji hujua kisu kimeingia kabla aliyechomwa hajajua. Tukiyavisha maneno hayo joho la kitaaluma, tutasema alikuwa akizungumzia kijembe, kinaya na udhibiti wa taarifa katika msuko. Huo ni uhakiki wa mtindo, hata kama umefanywa bila istilahi.

Katika fasihi simulizi utambuzi huu haukuwa na mushkili. Mpigaji wa obokano, kinubi cha nyuzi nane cha Abagusii, alikuwa mtunzi na fanani kwa wakati mmoja. Aliyemfuata kutoka sherehe hadi sherehe alimfuata mtu mzima, kinywa na akili. Televisheni imevitenga viwili hivyo. Kinywa tunakiona kila jioni. Akili imefichwa katika majina yanayopita mbio mwishoni, wakati chai inamiminwa.

Aidha, jina linalosalia kichwani mwa mtazamaji aghalabu ni la nyumba, si la mkono. Marekani inatupa mfano ulio wazi. Mashabiki wa Shonda Rhimes walimfuata kutoka Grey's Anatomy (2005) hadi Scandal (2012), kisha hadi Bridgerton (2020), na wengi huiita hii ya mwisho kazi yake. Ukweli ni kwamba Rhimes alikuwa mtayarishaji. Aliyeibuni kwa ajili ya televisheni, kutokana na riwaya za Julia Quinn, ni Chris Van Dusen, ambaye kabla ya hapo aliandika katika tamthilia hizo mbili za awali. Mashabiki hawakudanganyika kabisa, maana mkono wake ulikuwamo tangu zamani. Walikosa jina lake tu.

Kwa waandishi wetu kukosa jina si jambo dogo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuwasilisha pendekezo la utafiti juu ya tamthilia ya televisheni ya Kiswahili, akaulizwa mwandishi ni nani na matini iko wapi. Hakuwa na jibu kwa yote mawili, na pendekezo likaahirishwa. Maswali yalikuwa sahihi. Lililokuwa kosa ni kuyafanya kizingiti badala ya kuyafanya utafiti wenyewe. Muswada ambao haukuchapwa, haukuhifadhiwa wala haukutajwa mwenyewe haupotei kwa sababu ni dhaifu. Hupotea kwa sababu hakuna aliyeudai, na pamoja nao hupotea Kiswahili ambacho watu wa Gesima, wasio na riwaya nyumbani, wamekisikia jioni baada ya jioni.

Kwa hiyo napendekeza mambo mepesi. Idara ziwaombe watayarishaji nakala za miswada yao. Wanafunzi wanukuu majina ya mwishoni, tamthilia kwa tamthilia, hadi tuweze kuonyesha nani alihama kutoka wapi na alihama na nini. Mtazamaji amekwisha kutufanyia nusu ya kazi kwa kutuambia kwamba mkono ni ule ule. Nusu iliyobaki, ya kusema ni wa nani, ni deni letu.