Naomba kuifuta ile post ya Duma

Najua nimepotea kitambo. Nilikuwa likizo nyumbani Lusewa, na huko mtandao unaupata kwa kuvizia. Nimerudi chuo jana, na kabla sijaanza stori za likizo kuna jambo inabidi nitubu.

Mnakumbuka kabla hatujafunga nilimwaga sifa humu kuhusu Duma? Kwa mliokosa, sio yule mnyama mwenye mbio. Ni vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, na jina lao kwa Kikuyu ni giza. Walirekodi Kampala mwaka 2019, na Agosti 2020 lebo ya huko, Nyege Nyege Tapes, ikatoa albamu yao ya kwanza, yenye jina hilohilo. Nyimbo 9 tu. Sisi panki tunaijua kama mtindo wa kunyoa, ila kuna muziki wa panki, na kuna hadikoo, yaani panki iliyoongezwa mwendo na hasira. Duma wameichanganya hiyo na metali na midundo ya kompyuta inayokwenda kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi.

Wachambuzi wa Ulaya na Marekani waliipokea kwa shangwe. Mimi nikasoma tathmini zao nne tano, nikazigeuza Kiswahili, nikabandika humu kama zangu. Ukweli? Sikuwa nimeimaliza. Wimbo wa tatu kichwa kikauma, nikazima.

Basi bwana, jioni moja niko barazani na bibi anachambua mchele, nikaweka Lionsblood kwenye kispika. Bibi akashtuka.

"Mjukuu wangu, huyo anachinjwa?"

"Anaimba, bibi. Wazungu wanamsifu kweli."

"Wamekwambia analilia nini?"

Kimya. Zile tathmini zote, hilo sikuwa nalo.

"Msibani mtu akilia hivyo tunamsogelea tumuulize," akasema. "Hatuanzi na makofi. Haya, rudisha mwanzo."

Jamani, nikarudisha mwanzo. Bibi alivumilia nyimbo tano, kisha akaenda kuangalia ugali. Alivyoondoka akasema ngoma anaisikia, ila haoni mtu ataichezaje. Mimi nikabaki mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo hii ndiyo tathmini yangu, ya kwangu kweli. Gitaa mara nyingi limezama, unalitafuta kama sindano. Sauti inapiga ukelele, inashuka inanguruma, na maneno mengi sikuyapata hata niliporudia. Sio albamu ya kusikiliza ukiwa unafua. Ila kuanzia katikati nikaacha kuisubiri iishe, na ilipokwisha baraza likawa kimya mpaka nikasikia chumvi ikikorogwa jikoni. Siipendi yote. Naiheshimu.

Halafu nikakumbuka singeli. Mwaka 2017 lebo hiyohiyo ilitoa Sounds of Sisso, mambo ya Mburahati, Dar. Wakati huo wangapi wetu tulikuwa tunaita singeli muziki wa wahuni? Sifa zikaja kutoka nje, tukageuka. Na kwa Duma wapo wanaosema "muziki wa shetani" baada ya sekunde kumi. Nilikuwa nawacheka hao. Kumbe mimi na wao tulifanya kosa moja: wao wamelaani bila kusikiliza, mimi nimesifu bila kusikiliza.

Mwaka 2024 Khanja alitoa The Adept, kwa jina la Lord Spikeheart. Sijaisikiliza, kwa hiyo sina maoni. Nikimaliza wimbo wa mwisho nitawaambia.

Haya, pindi la saa mbili linaniita. Mliosikiliza Duma mpaka mwisho niambieni mlisikia nini. Mlioishia wimbo wa tatu, karibuni chamani.